Kuanzisha kikundi cha michezo cha watu wazima mtaani, bila hela na bila kocha

Naandika hii mara moja ili nisirudie tena, maana kila wiki lazima mtu anisimamishe pale Kabwe au anipigie usiku, eti nyie mlianzaje ile michezo yenu, na sisi huku kwetu tunataka. Halafu maswali ni yaleyale. Hela ya jezi itatoka wapi, kocha tumpate wapi, hivi kweli mtu mzima na heshima zake atakubali kurukaruka uwanjani watoto wakimwangalia. Haya, nakuelekeza kila kitu, mpaka tulipochemka.

Sisi tuko Mbeya, upande wa Ilomba, watu ishirini na kitu, wengi wetu tulikutana kwenye kikoba. Nisikudanganye, hatukuanza kwa ajili ya afya. Tulianza kwa sababu vikao vya kikoba vilikuwa vya watu watatu, wengine wote kazi yetu kuitikia na kusaini daftari, na kuna mwaka hesabu haikukaa sawa hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Siku moja tunamsubiri mweka hazina kachelewa, baridi kali, mtu akasema kwa utani, jamani mmeganda, si tucheze hata rede tupate joto. Tukacheka, tukacheza. Sasa kuna mama mmoja anauza ndizi, kwenye kikao hata jina lake analitaja kwa kunong'ona, siku ile yeye ndo alikuwa anazijua sheria za rede kuliko sisi wote. Akakunja kitenge akakichomeka kiunoni akaanza kutupanga, wewe huku, wewe kule, wewe umeshakufa toka, na mwenyekiti wetu ambaye ana kitambi na cheo akatoka kweli, mpole kabisa. Mimi nikasimama pale nikasema kumbe sauti anayo, ila hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuitumia.

Basi ukiniuliza mimi faida ya michezo ni hiyo hapo kabla ya kupungua tumbo. Mchezoni unatoa amri, watu wanakubishia, unakosea, unachekwa, unarudia tena, yote ndani ya dakika kumi na hakuna aliyefukuzwa kazi. Semina haina hiyo. Na wazee hili walilijua muda mrefu, nenda kule mwambao wa Ziwa Nyasa ukaangalie mganda unavyochezwa, mistari imenyooka kama gwaride na vyeo vipo, kijana anajifunza kuongoza na kuongozwa humohumo kwenye ngoma.

Upande wa mwili ntasema mara moja tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi, na siku angalau mbili awe na mazoezi ya kukaza misuli. Saa moja ya rede haifiki huko, najua, kwa hiyo siku nyingine punguza bajaji, tembea.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usinunue kitu. Narudia tena, usinunue kitu, vikundi vingi vinafia kwenye mchango wa jezi kabla hata ya kucheza siku moja.

- Mpira wa soksi au matambara, uliofungwa vizuri kwa kamba, mwepesi, ukikupiga usiumie. Ule wa dukani wa kupuliza unauma na unaangukia kwa watu.
- Chupa mbili za maji za plastiki, tupu, za lita moja na nusu. Kama uwanja wenu ni majani matupu bebeni na mchanga kwenye ndoo.
- Kopo moja kubwa, la maziwa ya unga au la rangi lililooshwa.
- Kamba ndefu. Chagua isiyochuna viganja.
- Majivu ya kuchorea mistari, yapo kwenye kila jiko la mkaa.
- Maji ya kunywa, bandeji pana moja, na simu moja yenye salio na namba ya bodaboda au bajaji ya karibu.
- Mfuniko wa sufuria na kijiko.

Huo mfuniko ndo moyo wa kila kitu. Mwanzo tulikuwa na filimbi, ikapotea wiki ya tatu, na kusema ukweli bora ilipotea maana ilikuwa inapita midomo kumi na mafua ya Julai unayajua. Mama mmoja akakimbia ndani kwake akatoka na mfuniko wa sufuria ya wali, akaugonga kwa kijiko, tukanyamaza wote. Tangu siku hiyo ukishika mfuniko we ndo kiongozi wa leo, hakuna cha mwenyekiti wala nani.

Nguo mtu avae anayotaka, akina mama wengi kwetu wanavaa suruali ndani ya kitenge. Viatu ni raba, au pekupeku kama uwanja hauna vioo. Kandambili hapana. Yeboyebo nazo hapana, zinateleza kwenye majani yenye umande na wa kwanza kudondoka nilikuwa mimi.

Hatua kwa hatua

1. Pata watu wanane, usitangaze. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuunda grupu la WhatsApp, kuingiza watu mia na kutuma bango. Siku ya siku wanakuja wanne, mnaangaliana, mnaondoka. Fuata watu wanane mmojammoja, mlangoni kwake, umwambie njoo Jumapili tucheze rede nusu saa tu. Wanane wanatosha mchezo. Na katika hao wanane hakikisha watatu ni wale wasioongeaga. Wale wachangamfu watakuja wenyewe, huwezi hata kuwazuia.

2. Omba uwanja kwa mdomo, mapema. Uwanja wa shule ya msingi ndo mzuri, unamwendea mwalimu mkuu. Kama ni kiwanja cha wazi muone mwenyekiti wa mtaa. Nenda mwenyewe, shikamoo yako mbele, mwambie siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba mtaacha pasafi. Usiende na neno "mradi" wala "taasisi", ukitaja hayo utaulizwa katiba, usajili na bajeti. Mwambie tu tunataka kunyoosha viungo. Sisi tulivyoahidi kufyeka majani pembeni ya goli tukapewa siku hiyohiyo.

Mkiingia, kabla ya chochote, tembeeni uwanja mzima kwa mstari kama mnatafuta sindano, muokote chupa, vioo, misumari. Dakika tano. Hii msiruke hata siku moja.

3. Chagua siku kwa akili. Huku kwetu Jumamosi ukiweka asubuhi umewakosa Wasabato, Jumapili asubuhi umewakosa waliobaki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna usafi. Sisi tumeangukia Jumapili saa kumi jioni wakati wa kiangazi. Lakini kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili mvua inapenda kuja mchana kuelekea jioni, kwa hiyo kipindi hicho tunahamia Jumamosi saa moja asubuhi na tunawaomba radhi Wasabato wetu, wao tunacheza nao katikati ya wiki. Watu wa Tukuyu nyie mnajijua, mvua kwenu haina msimu, tafuteni ukumbi wa kanisa au darasa tupu.

Na kuna Jumamosi ya pili ya mwezi. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza nchi nzima siku hiyo iwe ya mazoezi. Ukimkumbusha mtendaji wako hilo anakupa uwanja bila maneno mengi.

Ndugu zangu wa Iringa, hasa Kihesa na zile barabara za kupanda, onyo moja. Msifanye ulanzi, ile pombe ya mianzi, uwe kabla ya mchezo. Baada, mimi simo. Kabla, mtu anavunjika. Hata huku na kimpumu chetu ni vilevile.

4. Soma sheria tatu za mfuniko. Zisomwe siku ya kwanza kwa sauti, na kila akija mgeni zisomwe tena.

Ya kwanza, aliyeshika mfuniko anachagua mchezo, anaueleza kwa dakika mbili tu, anaamua ugomvi, anasimamisha muda ukiisha. Ya pili, hakuna wa kumsaidia mpaka aombe. Ya tatu, akiamua vibaya mnacheza hivyohivyo, mtamwambia mwishoni.

Hiyo ya pili ndo ngumu kuliko zote. Watu wetu tuna huruma ya ajabu, mtu akinyamaza sekunde tatu tu anatafuta neno tayari watu wanne wameshamsemea. Kuna kijana fundi seremala ana kigugumizi kidogo, siku yake ya kwanza na mfuniko alisimama pale anahangaika na neno "duara" nusu dakika nzima, na mimi mwenyewe nilijiuma ulimi ili nisilitaje. Akalitoa. Hakuna aliyepiga makofi, tukaenda tukatengeneza duara. Usipige makofi jamani, mtu mzima si mtoto wa chekechea, ukimpigia makofi kwa kutamka neno umemwonyesha ulikuwa unamwonea huruma.

5. Pasheni mwili, na huku kwetu mpashe zaidi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi unaona pumzi yako. Misuli ya baridi inachanika kirahisi. Dakika kumi kamili, siyo mbili. Mgeni aliyetoka Dar juzi mwache aende polepole, hewa huku ni nyepesi, atahema kama kapanda mlima Loleza.

Tunaanza na simama kaa, ile ya shuleni, kila mtu anaijua, simama, kaa, ruka, tembea, kimbia. Halafu nyama nyama. Kiongozi anataja mnyama, kama analiwa unaruka na kuitikia nyama, kama haliwi unatulia, ukiruka kwenye punda umetoka. Inaonekana ya kitoto mpaka kiongozi ataje kumbikumbi. Nusu ya uwanja imeruka nusu imesimama, makelele, wengine wanasema wale ni wadudu siyo nyama, wengine wanasema mimi nimewala na ugali wewe unaniambia nini. Hapo sasa mwenye mfuniko aamue, na watu wote wanamwangalia yeye. Kozi ya uongozi ni hiyo hapo, bure.

Kipimo cha kujua mtu anaenda mwendo unaofaa ni mdomo wake. Akiweza kuongea ila hawezi kuimba, yuko sawa. Akishindwa kumaliza sentensi mwambie apunguze.

6. Chezeni mchezo mkuu, dakika thelathini na tano hivi. Chagueni mmoja au miwili, msirukie sita. Nakupa mitatu ambayo kwetu haijawahi kugoma.

Rede. Kila mtaa una sheria zake, sisi tunacheza hivi. Warushaji wawili wanasimama kila mmoja upande wake, hatua kama kumi na mbili kati yao, katikati kuna chupa tupu na rundo dogo la mchanga. Anayecheza anaingia katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira. Ukipigwa umekufa, mwenzako wa timu anaingia anaendeleza chupa ileile. Chupa ikijaa timu imeshinda. Utamu wa rede ni kwamba huwezi kuangalia chupa na mpira kwa pamoja, lazima wenzako wa pembeni wakuambie mpira uko wapi, na lazima uwaamini. Chunga magoti, watu wazima tunasahau kuinama kwa magoti tunainama kwa mgongo halafu Jumatatu tunalia. Na mpira usirushwe usawa wa kichwa, anayerusha kichwani ndo anatoka yeye.

Kombolela. Mmoja analinda kopo, anafumba macho anahesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anamtaja jina na kukimbia kugusa kopo, huyo amekamatwa. Lakini kama kuna mmoja bado amejificha akachomoka akalipiga kopo teke, wote waliokamatwa wako huru. Angalia nani anachomoka. Kwetu mwenyekiti mwenye kitambi hajawahi kuchomoka hata siku moja, anajificha vizuri sana nyuma ya choo cha shule mpaka mchezo unaisha. Anayechomoka ni mama mmoja mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anatoka mbio na khanga mkononi anapiga lile kopo linafika barabarani, watu wanane wanafunguliwa kwa mpigo. Sisemi kitu, ila uchaguzi wa kikoba uliofuata kila mtu alikuwa anamwangalia yeye. Mipaka ya kujificha itajwe mapema, na barabara isiwe ndani ya mipaka.

Kuvuta kamba. Hapa nakuomba usome vizuri. Usijizungushie kamba mkononi, kamwe, ikivutwa ghafla inaondoka na vidole. Wa mwisho asijifunge fundo kiunoni, ashike tu. Na timu inayoshinda isiachie kamba ghafla ili wenzao wadondoke, huo ni ujinga unaovunja watu mfupa wa mkia. Kiongozi akigonga mfuniko mara mbili wote mnalegeza taratibu. Mkivuta mtagundua timu ya wenye nguvu inapigwa na timu yenye mtu mmoja anayehesabu kwa sauti, hei moja hei moja. Safari inayofuata mpe kazi ya kuhesabu yule mpole wenu.

Mwenye goti bovu, mjamzito, mzee, anayetembelea magongo, asikae pembeni kama mzigo. Mpe mfuniko, aongoze. Au wekeni bao au mdako pembeni, ni michezo kamili na ina mabishano yake. Kwenye bao kuna mzee mmoja kwetu hajafungwa tangu tuanze na anajua hilo.

7. Poeni, halafu kaeni duara dakika kumi. Msisimame ghafla mkaondoka, zungukeni uwanja kwa mwendo wa kawaida mara mbili, nyoosheni mapaja na migongo, mnywe maji. Kisha kaeni chini. Chini kwenye majani, wote, hakuna kiti cha mgeni rasmi. Maswali ni mawili tu, wapi umefurahi na wapi umekwama. Mwenye mfuniko anajibu wa mwisho. Hapo ndo anaambiwa kama aliamua vibaya, na anayesema aseme kilichotokea, siyo tabia ya mtu. "Ulisimamisha mchezo kabla chupa haijajaa" ni sawa. "We una upendeleo" siyo sawa. Msihutubie. Mkizidi dakika kumi mmeshaanza kikao, na vikao mnavyo vingi.

8. Mfuniko uhame. Aliyeongoza leo anamkabidhi mwingine ambaye hajawahi kuongoza, na huyo anaenda nao nyumbani wiki nzima. Usiruke hatua ya kwenda nao nyumbani. Wale wapole hawataki kushtukizwa. Mpe wiki, atawaza, atafanya mazoezi na wanawe uani, atakuja na mchezo ambao hamjauona tangu mko darasa la tatu. Anayekataa usimlazimishe, mwambie wiki ijayo basi. Kuna aliyekataa mara sita. Mara ya saba akaubeba bila kuombwa.

9. Mwezi wa tatu, pelekeni kwenye mambo ya kweli. Usipeleke mapema. Sisi tulichukua sheria za mfuniko tukaziingiza kwenye kikao cha kikoba, anayeongoza agenda ndo ameshika mfuniko, na mfuniko unahama kila agenda. Mama wa ndizi alipewa agenda ya mapato na matumizi. Akasoma karatasi kimya, akaugonga mfuniko kidogo tu, akasema hapa kwenye faini za kuchelewa sioni jumla, nani anazishika. Kwa sauti ileile ya wewe umeshakufa toka. Jumla ikaletwa kikao kilichofuata.

Mambo yanayokwama na namna ya kuyakwamua

*Watu wanapungua wiki ya nne.* Kawaida, wanapungua kila mahali. Msiwatumie ujumbe wa lawama. Anayeshika mfuniko wiki hiyo ampitie nyumbani mmoja tu aliyepotea, amwambie tunahitaji mtu wa kuhesabu kamba. Mtu anarudi akiambiwa anahitajika. Akiambiwa hajaja mara tatu harudi.

*Mtu mmoja anatawala kila kitu.* Mara nyingi ni aliyecheza UMISETA, ile michezo ya shule za sekondari, zamani na hajasahau. Usigombane naye, mpe kazi ya kuandika muda wa kila mchezo kwa mwezi mmoja, akae nje na saa. Inamkaa vizuri kuliko unavyodhani, na akirudi ndani anakuwa mwingine.

*Waume au wake wanalalamika nyumbani.* Waalikeni waje kuangalia. Akishakaa pembeni dakika ishirini ataanza kupiga kelele kwamba mnarusha vibaya, hapo mwambie ingia basi.

*Watoto wanavamia.* Wanavamia kwa sababu mmechukua mchezo wao. Wapeni dakika kumi za mwanzo waongoze wao nyama nyama, halafu wanaondoka wenyewe wakiona mnavyochoka. Wanahitaji kucheza kuliko nyie, wastani wa dakika 60 kwa siku kwa miaka 5 hadi 17, msiwafukuze kama kuku.

*Mtu kategua mguu.* Aache kucheza hapohapo, akae, mguu uinuliwe, muweke kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa dakika 15 au 20, mfunge bandeji isiyobana sana. Kumkanda na maji ya moto siku ya kwanza ni kosa letu sote, inazidisha uvimbe. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, au mfupa unauma ukiugusa, nenda hospitali akapigwe picha, usimpeleke kwa mtu wa kuvuta mguu.

*Mtu anashika kifua, au kizunguzungu, au mkono unauma na jasho la baridi.* Mchezo unasimama wote na anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusema apumzike kidogo tuone. Mwenye presha, sukari au umri umekwenda na hajafanya mazoezi miaka mingi, apitie zahanati kwanza kabla ya siku ya kwanza. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta mfukoni, baridi ya asubuhi huku inaamsha pumu.

*Mgombea au kampuni fulani inataka kuwapa jezi.* Mshukuruni. Sisi tulikubali mara moja, tukapewa fulana kumi na tano wakati tuko ishirini na mbili, wiki mbili nzima hatukucheza tulikuwa tunagombania fulana. Tukazigeuza mipira ya rede, zimetoka mipira mizuri sana.

*Mnataka mashindano na mtaa wa pili.* Subirini mwaka. Mkianza kushindana mnapanga wenye mbio na wapole wanarudi benchi, na mfuniko unabaki kwa watu walewale watatu.

*Mwenye mfuniko anaudai.* Hili nililichukulia kama utani mpaka likatokea. Yule mama wa sufuria ya wali alikuja mwezi wa pili akasema jamani wali wangu unapikwa na sahani juu. Tulimchangia akanunua sufuria nyingine na mfuniko wake. Ule wa kwanza sasa hivi umebonyea katikati kwa vijiko, haukai kwenye sufuria yoyote, na wiki hii uko kwa yule fundi seremala, nimepita kwake jana nimeusikia unagongwa uani.